Mshika Sauti wa Kastanovrisi

Siku ya nne baada ya kiharusi, Zois alifungua mdomo akatoa sauti. Halikuwa neno. Ilikuwa "eee" moja nzito iliyotoka kifuani, ikanyooka bila kupanda wala kushuka mpaka pumzi ilipomwishia. Akavuta hewa, akaanza tena palepale alipoachia.

Mkewe, Polixeni, alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Akaruka.

"Zois! Zois wangu, unaniita?"

Zois hakumtazama. Macho yake yalikuwa darini. "Eeee," akaendelea.

"Huyo anaumwa," alisema mgonjwa wa kitanda cha dirishani. "Mwite nesi, mama."

Nesi akaja, akainama. "Babu, unaumwa wapi? Nionyeshe kwa mkono. Tumbo? Kichwa?" Mkono wa kulia wa Zois ulikuwa umekufa na wa kushoto ulikuwa umeshika shuka. Nesi akaandika kitu kwenye faili, akaondoka. Zois akaendelea.

Hadi saa sita mchana wodi nzima ilikuwa imechoka. Vitanda vilikuwa sita na kila kimoja kilikuwa na jamaa zake. Mwanamke mmoja ambaye mumewe alikuwa amepasuliwa jana yake alikuja mpaka miguuni pa kitanda, akaweka mikono kiunoni.

"Samahani, bibi, lakini mume wangu hajalala. Huyu ataunguruma kama ng'ombe mpaka lini?"

"Nisamehe, mwanangu. Atanyamaza sasa hivi."

"Umesema hivyo tangu asubuhi."

Polixeni alishuka kwenye kibanda cha nje, akanunua pakiti ya biskuti, akapita nayo kitanda kwa kitanda akiomba radhi. Wengine walichukua moja, wengine walitikisa kichwa. Yule mwanamke hakugusa. Polixeni aliporudi kwa mumewe na pakiti iliyobaki nusu, alimkuta bado anaimba sauti yake ileile. Akatazama mlangoni, akatazama pembeni, kisha akamwekea kiganja mdomoni.

Hivyo ndivyo binti yao Evanthia alivyowakuta.

Evanthia alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Siku za kazi alipima maziwa katika maabara ya kiwanda cha jibini hapo mjini Yanina; siku nyingine alifanya muziki wa kompyuta, ule wa sauti ndefu zinazojaa chumbani polepole kama ukungu, bila ngoma, na ndani yake akachanganya nyimbo za milimani kwao. Kwa kazi hiyo masikio yake yalikuwa makali kuliko ya watu wengi. Alisimama mlangoni, akasikia mashine ya oksijeni ya kitanda cha jirani ikivuma, kisha akasikia chini ya kiganja cha mama yake sauti ya baba yake imekaa juu ya mvumo ule, sawasawa, haipungui hata unywele.

"Mama, toa mkono."

"Watu wanalalamika."

"Toa mkono, mama. Haumwi. Anashika sauti."

Polixeni akautoa mkono polepole. Nyimbo za Pogoni, milimani kwao, haziimbwi na mtu mmoja. Mmoja huanza, wa pili humsokota, akizungusha sauti yake kwenye ya kwanza, na waliobaki hushika: hukaa kwenye sauti moja chini ya wengine, wakiibiana pumzi ili isikatike. Polixeni alikuwa mwanzaji. Zois alikuwa mshika sauti tangu akiwa kijana wa miaka kumi na minne. Mkewe aliinamisha sikio upande wa mashine, kisha upande wa mumewe, akakaa chini.

Evanthia alimfuata daktari koridoni, akamweleza. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, dada. Maneno yanaweza kupotea, uimbaji ukabaki. Lakini nina watu sita mle ndani."

"Mhamishieni chumba kingine."

"Kipi? Nionyeshe nami nimhamishe." Akakuna shingo. "Nitampa kitu kidogo cha kumtuliza."

Walimchoma sindano saa nane mchana. Sauti ya Zois ikalegea, ikateleza, ikazimika. Alilala siku mbili mdomo wazi, mate yakilowesha mto, na yule mwanamke wa mume aliyepasuliwa akaja mwenyewe kuomba biskuti.

*

Walimrudisha Kastanovrisi mwezi wa nne, kwa sababu kitanda kilihitajika. Kijiji chetu kina nyumba sitini, lakini zinazotoa moshi wakati wa baridi ni kumi na moja. Kitanda cha Zois kiliwekwa jikoni karibu na jiko la kuni, mahali ambapo Polixeni angeweza kumwona akiwa anapika.

Kule nyumbani hakukuwa na mashine. Zois alifungua mdomo, akatafuta, na sauti yake ikaenda chini kidogo kidogo kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Alipofika mahali ambapo kifua hakiwezi tena, alinyamaza na kulia. Polixeni alisimama mbele yake akamwimbia nyimbo zote alizozijua. Dada yake Zois, Alekso, mjane wa nyumba ya pili, alikuja akamsokotea. Zois aliwatazama wote wawili kama watu waliokosea mlango, akageuza uso ukutani.

"Hanijui," Polixeni alisema. "Nimeimba juu ya sauti yake miaka arobaini na minane, leo hanijui."

"Wifi, kaka yangu alipokuwa mzima hakukusikiliza, ndiyo akusikilize sasa?" Alekso alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikufika. Akakaa kwenye benchi. "Mimi na wewe ni kuta mbili. Sakafu ndiyo haipo. Angekuwepo Naum, mshikaji mwenzake. Angekuwepo marehemu wangu. Nani ashike sauti sasa? Kuku?"

Jumamosi Evanthia alipanda kutoka Yanina na sanduku. Ndani yake mlikuwa na kinanda kidogo cha umeme, spika, na nyaya.

"Hilo dude halikai jikoni kwangu," Polixeni alisema.

"Mama, tujaribu tu."

"Nimeshalijaribu. Ulinialika kule ukumbini kwenye muziki wako, nikavaa gauni langu la kanisani, nikakaa mstari wa mbele kama mke wa waziri. Nikasikia sauti yangu imetupwa ndani ya tangi la maji. Kilio nilichomlilia kaka yangu! Halafu mwanamke mmoja akanishika mkono, akaniambia muziki umemtuliza mpaka amesinzia. Mimi nalia, yeye anasinzia."

"Nilikosa. Nilipaswa kukuuliza kabla."

"Ulipaswa."

"Lakini hili si la ukumbini, mama. Ni la baba."

Polixeni alichukua bakuli la mahindi akatoka kwenda kwa kuku.

Evanthia alichomeka waya, akabonyeza kitufe kimoja, sauti moja ya chini ikatoka. Akaishusha kidogo, akaipandisha kidogo, akiitafuta mahali pa baba yake. Zois aligeuza kichwa kutoka ukutani. Kope zake zikatulia. "Eeee," akasema, akakaa pale. Uso wake, ambao upande mmoja ulikuwa umeanguka, ulilegea wote kwa pamoja. Alekso akajifanyia ishara ya msalaba mara tatu. Siku hiyo Zois alikula bakuli zima la uji wa trahana, ule wa ngano na maziwa, kijiko kwa kijiko, akishika sauti kati ya kijiko na kijiko.

Polixeni aliyaona hayo kupitia dirishani. Kuku walikuwa wameshamaliza mahindi zamani, naye bado alikuwa amesimama huko na bakuli tupu.

"Amekula kwa ajili ya sanduku," alimwambia Alekso baadaye. "Si kwa ajili yangu."

"Amekula, wifi. Mengine mwachie Mungu."

*

Baada ya wiki mbili simu ya Evanthia iliita akiwa kazini.

"Hilo sanduku lako," mama yake alisema.

"Limeharibika?"

"Halipumui. Linakwenda tu kama friji. Mtu anayeshika sauti huishiwa, huiba pumzi, mwenzake humfunika, kisha yeye humfunika mwenzake. Baba yako anabaki hana wa kumfunika. Anachoka. Jana midomo iligeuka buluu."

Evanthia alisimama na chupa ya maziwa mkononi. Kwa miaka ishirini alikuwa akimsikia mama yake akiukemea muziki ule, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiusahihisha.

"Nitalirekebisha, mama."

"Lirekebishe. Na lisiwe juu sana kwenye meno. Sauti ya chini hukaa hapa," akasema, na ingawa binti yake hakumwona, alikuwa ameweka mkono juu ya mfupa wa kifua.

Evanthia alikuwa na kanda alizorekodi zamani, siku ambazo washika sauti wote wanne wa kijiji bado walikuwa hai. Alikata sauti zao, akazivuta, akazipanga ili mmoja akivuta hewa mwingine afunike, na chini yao akaweka sauti ile ndefu ya kinanda, na chini kabisa mvumo wa bonde lao uliorekodiwa wakati wa mvua. Miongoni mwa wale wanne, mmoja alikuwa Zois mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata sanduku lilipowashwa upya, Zois alikuwa akishikiana na Zois wa miaka kumi na tano iliyopita. Polixeni alisimama kando ya sinki na taulo mkononi. Alimsikiliza mumewe akiishiwa pumzi, akasikia wengine wakimfunika, akamsikia akirudi.

Aliweka taulo chini, akafumba macho, akaanza wimbo wa mwanamke anayeuliza mlima kama mumewe amepita. Alekso, aliyekuwa akichambua mboga za kutia kwenye pai, akaingia kumsokota bila hata kuacha kisu. Waliimba beti tatu. Zois hakugeuza macho, lakini Polixeni alipofika mwisho wa ubeti wa tatu, mahali ambapo mwanzaji huteremka kuja kukaa na washikaji, aliteremka, na mumewe alikuwa pale.

Tangu siku hiyo waliimba kila alasiri. Majirani wakazoea. Ukipita njiani ungesikia sanduku la Zois, ukasema, leo hajambo, ukapita.

*

Kuzoea huko ndiko kulikowaponza. Siku moja ya mwezi wa saba Polixeni alikuwa akimwinua mumewe kumbadilisha nguo. Mguu wake mwenyewe wa kushoto, ambao ulikuwa ukimsumbua siku nyingi, ulikataa. Akaanguka ubavu, na Zois akateleza kitandani nusu, kichwa chini. Polixeni hakuweza kuinuka. Alipiga kelele, lakini sanduku lilikuwa limewashwa, na Zois, kwa hofu, alishika sauti kwa nguvu zake zote. Mzee mmoja alipita na punda wake. Mwanamke wa ukoo wa Kosmas alipita akienda kisimani. Kila mmoja alisikia mvumo na sauti ya mwanamke juu yake, akajua kwamba pale kwa Zois wanaimba.

Walikaa sakafuni saa mbili na nusu mpaka Alekso alipoleta mkate.

Mfupa haukuvunjika. Lakini habari zilifika Stuttgart, Ujerumani, na mtoto wao wa kwanza, Stergios, akaja mapema kuliko kawaida, wiki moja kabla ya sikukuu ya Bikira Maria. Alikuwa mtu mpana, mpole, dereva wa lori. Alibadilisha balbu iliyoungua, akapasua kuni za msimu mzima, na jioni ya pili akaweka karatasi mezani.

"Nimeongea na nyumba ya wazee ya Yanina. Wana nafasi moja. Haitasubiri."

"Ana nyumba," Polixeni alisema.

"Mama, mlikuwa mnakufa hapa sakafuni."

"Hatukufa."

"Evanthia anakuja siku mbili kwa wiki. Mimi niko Ujerumani. Shangazi Alekso ana miaka sabini na saba. Nani atamwinua?"

"Shangazi yako yuko hapahapa anasikia," Alekso alisema, "na miaka ni sabini na sita."

Evanthia aliuliza, "Umewaambia kwamba anashika sauti?"

Stergios akapitisha mkono usoni. "Nimewaambia kwamba anatoa sauti. Wamesema ikiwa atasumbua wengine, daktari wao atampa matone ya kumtuliza."

"Matone," Evanthia akasema. "Unajua alivyokuwa baada ya ile sindano?"

"Sijui! Sikuwepo! Kila siku mnaniambia sikuwepo!" Akashusha sauti. "Evanthia, ninamwona mtu anayeililia spika. Wewe unamwona baba. Natamani nami nimwone. Simwoni."

Hapo ndipo Polixeni alipoinua kichwa. "Siku ya sikukuu tutaimba uwanjani kama kila mwaka," alisema. "Baba yako atakaa mahali pake. Mje mumsikie. Baada ya hapo utaniambia kama huyo ni mtu wa matone."

Stergios aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Haya, mama."

*

Tarehe kumi na tano mwezi wa nane kijiji chetu huwa na watu mia tano. Watoto wa Athene, wajukuu wa Ujerumani, mabinamu ambao hakuna anayekumbuka majina yao. Kondoo walikuwa kwenye moto tangu alfajiri. Bendi ya klarineti ilikuwa imeletwa kutoka mjini pamoja na fundi mitambo wake, Mantho, na maspika marefu kuliko mlango wa kanisa. Kwa desturi, kabla ya bendi kuanza, jua likiwa bado liko juu ya mti wa mkuyu wa uwanjani, wazee huimba nyimbo mbili za kukaa, zisizochezwa.

Evanthia alimfuata bwana Kosmas, mwenyekiti wa chama cha kijiji. "Sanduku langu limeunganishwa kwenye mitambo. Litavuma tangu mwanzo hadi mwisho. Mwambie fundi asilizime."

"Nitamwambia."

"Usisahau, bwana Kosmas."

"Binti, nimeendesha sikukuu hizi miaka tisa," Kosmas alisema, na mtu akamwita kuhusu nyama, akaenda.

Polixeni alimvalisha Zois shati jeupe, akamfunga vifungo mpaka shingoni, akamchana nywele kwa maji. Stergios alisukuma kiti cha magurudumu juu ya mawe, taratibu, akikinyanyua kwenye ngazi. Watu walikuja kumsalimu Zois kwa sauti kubwa kama wanavyosalimiwa viziwi. "Mzee Zois! Umenawiri!" Mate yakamdondoka. Polixeni akamfuta kabla watu hawajaona, lakini walikuwa wameona.

Walikaa watano: Polixeni na Alekso mbele ya kipaza sauti, Zois katikati kwenye kiti chake, Evanthia nyuma yake na sanduku, na mzee mmoja wa kijiji cha pili aliyejitolea kusaidia kushika, ambaye alikuwa ameshakunywa. Sauti ilianza kutoka kwenye maspika marefu. Ilikuwa pana, ikapita juu ya meza zote. Zois aliinua kidevu. "Eeee." Stergios, aliyesimama pembeni na mikono mfukoni, aliitoa mikono mfukoni.

Polixeni aliimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa mlima. Alekso akamsokota. Watu walionyamaza kwa adabu sasa walinyamaza kwa sababu nyingine. Mwanamke mmoja mtu mzima kwenye meza ya mbele aliweka uma chini.

Mwanzoni mwa ubeti wa pili, Mantho alirudi kwenye mitambo yake na sahani ya nyama. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Alisikia mvumo wa chini usiokatika na kwa miaka yake yote ya kazi mvumo wa namna hiyo ulikuwa na maana moja: waya mbovu. Akafuta vidole kwenye suruali, akatazama taa, akashusha kitufe.

Mvumo kwenye maspika ukafa. Uwanjani ikabaki sauti ya Zois peke yake.

Evanthia alibonyeza kinanda, akabonyeza tena, akaelewa, akaanza kukimbia kati ya meza. Viti vilikuwa vimebanana. "Nipisheni! Tafadhali, nipisheni!" Mtu alidhani anacheza, akampigia makofi. Yule mzee aliyejitolea alishika sauti nyingine kabisa, akaona aibu, akakohoa, akaacha. Na sauti ya Zois, isiyo na cha kuegemea, ikaanza kuteremka.

Alekso alinyamaza. Alimtazama wifi yake: tuache?

Polixeni angeweza kuacha. Angeweza pia kubaki alipokuwa na kuimba wimbo ulivyo, nusu ya watu wasingetambua kitu. Lakini aligeuka kutoka kwenye kipaza sauti, akamtazama mumewe, akashuka naye. Ubeti ulioanzia juu akauchukua chini. Zois akateremka tena, naye akateremka. Neno kwa neno alimfuata, mlima ukiulizwa kwa sauti nzito zaidi na zaidi, mpaka sauti ile ikawa si ya mwanamke tena. Mtoto mmoja alicheka. Kijana wa Athene alikuwa ameinua simu anarekodi. Mama yake akampiga mkono. Zois alifika chini kabisa, akakaa huko. Polixeni alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Midomo yake iliendelea kutamka maneno, lakini sauti haikuwepo. Shingo ilimvimba, na haikuwepo.

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu sana, kama watu wanaotaka jambo liishe. Bwana Kosmas alishika kipaza sauti, akawashukuru wazee wetu wanaotunza mila zetu, akaiashiria bendi. Klarineti ikaingia.

"Dada, mimi ningejuaje?" Mantho alikuwa akimwambia Evanthia, sahani bado mkononi. "Haki ya Mungu, ilisikika kama hitilafu."

*

Stergios alisukuma kiti nyumbani. Wakapita kanisa. Kisha Stergios akasimama, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Mama, nilimsikia. Mwanzoni, nilimsikia. Nitawapigia Yanina niwaambie tunasubiri mpaka..."

"Mpeleke," Polixeni alisema.

Evanthia alimshika mkono. "Mama, ilikuwa ni waya tu. Ni kosa la Kosmas. Nitanunua spika yangu mwenyewe, nitaacha kazi siku mbili kwa wiki, nita..."

"Nilimfuata mpaka nilipoweza, mwanangu." Sauti ya Polixeni ilikuwa imekwaruza, ikasikika kidogo tu. "Huko aliko mimi sifiki. Na kumwinua siwezi. Mpeleke."

Alekso alianza kulia kwa sauti, na Polixeni akamwambia anyamaze, watu wanasikia.

Asubuhi yake walikaa jikoni kujaza fomu za nyumba ya wazee. Polixeni hakuwahi kumaliza shule, kwa hiyo Evanthia alisoma na kuandika. Jina. Jina la baba. Mwaka wa kuzaliwa. Dini. Magonjwa. Meno ya bandia? Anakula mwenyewe? Zois alikuwa kitandani mwake, sanduku limezimwa, anatazama dari.

"Anazungumza?" Evanthia alisoma.

"Anaimba," Polixeni alisema.

"Hawajauliza hivyo, mama. Kuna vijisanduku viwili. Ndiyo na hapana."

"Waandikie pembeni. Waandikie kwamba ni mshika sauti. Akisikia mvumo anatulia. Waandikie."

Evanthia aligeuza karatasi. Pembeni palikuwa na mhuri, na chini mahali pa sahihi. Alitafuta nafasi nyuma ya karatasi. Nyuma palikuwa na orodha ya nguo za kuleta, imejaa mpaka mwisho.

"Hakuna nafasi, mama."

Nje, Stergios alikuwa amewasha kiyoyozi cha gari ili lipoe kabla ya kumpakia baba yake. Polixeni aliinuka, akaanza kukunja fulana za kwenye orodha, sita, zote zimeandikwa jina kwa wino. Evanthia alishika kalamu juu ya vile vijisanduku viwili. Kisha akatia alama kwenye hapana, akaendelea na swali linalofuata.